Aliyepona ana kinga, lakini dhidi ya nini? Maambukizi ya mara ya pili kwa wahudumu wa afya

Katika wodi nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote na bado inafuatwa. Mgonjwa wa kuambukiza akiletwa usiku, wauguzi wa zamu hutazamana, kisha mmoja humwambia mwenzake: "Wewe ulishagonjwaka, ingia tu." Anayeambiwa hivyo mara nyingi hakatai. Alipata korona 2021, au alitokwa na vipele vya mpox (ndui ya nyani) akapona, na moyoni anaamini ugonjwa ule hauna tena la kumfanya. Glavu zikiwa haba, yeye ndiye anayejinyima ili mwenzake ambaye hajaugua apate za kutosha.

Nia ya kanuni hiyo ni njema, na ndani yake mna ukweli ambao sitaki kuupuuza. Mwili uliopambana na kirusi ukashinda haubaki ulivyokuwa. Tatizo ni kwamba maswali manne yamefungwa hapo katika mzigo mmoja. Je, muuguzi huyu anaweza kuambukizwa tena? Akiambukizwa, ataugua? Akiugua, anaweza kufa? Na hata asipohisi chochote, anaweza kumpelekea kirusi mtoto aliyelala kitanda cha pili? Majibu hutofautiana kutoka kirusi kimoja hadi kingine, na kwa mtu anayegusa wagonjwa kutwa nzima, swali la nne ndilo zito kuliko yote.

Kilichotuzoesha kuamini kwamba ukipona umemaliza ni surua. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ambako haikuwa imeonekana kwa miaka 65. Daktari kijana aliyetumwa huko kutoka Denmark, Peter Panum, aligundua kwamba wazee walioipata mwaka 1781 hawakuugua tena, ilhali wazee wenzao ambao haikuwafikia wakati ule waliugua sawa na watoto. Miaka 65 bila kukutana na kirusi, na kinga bado ilikuwa imara. Mama yeyote wa Kadutu, hapa Bukavu, aliyelea watoto anajua kwamba surua haimrudii mtoto aliyeipata.

Kwa nini basi korona ilituendea kinyume? Wengi hujibu kwamba kinga yake "inaisha". Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu muuguzi.

Kirusi kinapoingia mwilini mara ya kwanza, baadhi ya seli za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonata juu ya kirusi na kukizuia kushika seli zetu. Ukishapona, kingamwili hupungua. Ni lazima zipungue. Kama mwili ungetunza kiwango cha juu cha kingamwili kwa kila ugonjwa uliowahi kupita, damu ingekuwa nzito kama uji. Kinachobaki ni kumbukumbu. Kuna seli B zinazokumbuka namna ya kutengeneza kingamwili zile zile, kuna seli T zinazotambua seli zilizovamiwa na kuziua, na kuna kundi dogo la seli zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mwaka 2021 watafiti wa St. Louis, Marekani, walizikuta seli hizo za uboho kwa watu waliokuwa wamepita miezi 7 na zaidi tangu wapate korona, wengi wao wakiwa hata hawakulazwa.

Kumbukumbu ipo, basi. Ila inahitaji siku kadhaa ili iamke na kuzalisha jeshi jipya. Kirusi cha surua hakiwezi kumlaza mtu bila kwanza kusafiri kupitia tezi na damu, na safari hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Kumbukumbu ina muda wa kutosha kukifikia njiani. Korona haihitaji safari ya namna hiyo. Inatua puani na kooni, inazaana papo hapo, na ilipokuja aina ya Omicron mtu aliweza kuanza kukohoa siku ya tatu. Seli za kumbukumbu zinapokuwa tayari, kirusi kimeshazaana na kimeshaanza kutoka na pumzi. Zimechelewa kuzuia mafua, lakini zimewahi kuyaokoa mapafu. Kwa sababu hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na kinga dhaifu dhidi ya kuambukizwa na kinga imara dhidi ya kifo, kwa wakati mmoja, katika mwili ule ule.

Hili halikuanza na COVID-19. Kuna virusi vinne vya jamii ya korona ambavyo vimekuwa vikituletea mafua ya kawaida tangu zamani. Watafiti wa Amsterdam walipima damu iliyokuwa imetunzwa kwa miongo mingi kutoka kwa wanaume wale wale, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba watu hao walikuwa wakiambukizwa tena, mara nyingi baada ya miezi 12 hivi. Waliokuwa wanaijua jamii hii ya virusi hawakushangaa sana, Agosti 2020, Hong Kong ilipotangaza mtu wa kwanza kuthibitishwa kuambukizwa COVID-19 mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameugua. Mara ya pili alikamatwa na kipimo cha uwanja wa ndege, hana dalili hata moja. Angekuwa muuguzi, angeingia kazini asubuhi hiyo kama kawaida.

Uchunguzi mkubwa juu ya jambo hili ulifanywa kwa wahudumu wa afya wenyewe, nchini Uingereza, kwa jina la SIREN. Zaidi ya wafanyakazi 25,000 wa hospitali walifuatiliwa, wakipimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kila baada ya wiki mbili hata kama hawaumwi. Upande mmoja walikuwa 8,278 waliokwisha kuambukizwa. Kati yao 155 waliambukizwa tena. Upande wa pili walikuwa 17,383 ambao hawakuwa wameambukizwa. Kati yao 1,704 waliambukizwa. Watafiti walipopiga hesabu kwa kuzingatia muda ambao kila mmoja alifuatiliwa, waliona kwamba kuugua awali kulipunguza hatari ya kuambukizwa tena kwa asilimia 84, angalau kwa miezi 7 hivi. Hicho ni kiwango cha kuheshimiwa, kinacholingana na chanjo nzuri. Wale walioimba wakati ule kwamba kinga ya asili si kitu walikosea.

Lakini matokeo hayo yalitoka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo huo Omicron ilitambuliwa na wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini. Nchini Qatar, ambako rekodi za vipimo zimepangwa vizuri, watafiti walilinganisha. Aliyewahi kuugua alikuwa na kinga ya asilimia 90 au zaidi dhidi ya kuambukizwa na aina za Alpha na Delta. Dhidi ya Omicron ilishuka hadi asilimia 56. Kinga dhidi ya ugonjwa mkali, hata kwa Omicron, ilibaki karibu asilimia 88. Kirusi kilikuwa kimebadilisha sehemu zile ambazo kingamwili hunata, lakini seli T hutazama vipande vingine vya kirusi, na vingi vya hivyo havikubadilika.

Kuna watu ambao takwimu za namna hii haziwahesabu kamwe. Ili uingie katika kundi la "waliopona" ni lazima kwanza upone. Waliokufa mara ya kwanza hawamo, na kati yao wamo wauguzi na madaktari. Mtu anayeshauri kijana wa mafunzo aingie wodini bila barakoa "apate ya kwake amalize" anamtuma kununua kinga kwa bei ambayo hakuna aliyeijua kabla ya kulipa.

Na hapa kwetu, ni nani aliyekuwa ameugua na nani hakuugua? Kisa cha kwanza cha COVID-19 nchini Kongo kilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Julai na Agosti mwaka huo, watafiti walipima damu za wahudumu wa afya wa Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, na kukuta kingamwili za kirusi kwa asilimia 41 yao. Miezi mitano tu! Kirusi kilikuwa kimepita katika korido kimya kimya, huku mji mzima ukidhani kwamba tatizo liko Kinshasa.

Takwimu hiyo inaivuruga kanuni yetu ya usiku. Wengi waliokuwa wakijihesabu kuwa hawajaugua walikuwa tayari wameambukizwa. Na kinyume chake ni kweli pia: mtu aliyelala nyumbani siku nne na homa, bila kupimwa, akarudi akisema "ile ilikuwa korona", huenda alikuwa na malaria tu. Hata kipimo cha damu hakimalizi ubishi. Katika nchi zenye malaria nyingi, baadhi ya vipimo vya kingamwili vya mwanzo vilionyesha matokeo chanya kwa damu iliyokusanywa kabla COVID-19 haijakuwepo duniani. Na kikionyesha kweli, kinasema kwamba umewahi kukutana na kirusi, hakisemi kwamba leo usiku kirusi hakiwezi kuingia puani mwako.

Chanjo inabadilisha hesabu hii, na kwa aliyepona inaibadilisha sana. SIREN walipoendelea kufuatilia, waliona kwamba kinga ya aliyeugua bila kuchanja ilipungua baada ya mwaka mmoja, lakini ya aliyeugua kisha akachanjwa ilibaki juu ya asilimia 90 hata zaidi ya miezi 18 tangu augue. Hiyo ilikuwa kabla ya Omicron, na dhidi ya Omicron viwango vyote vilishuka, ila mpangilio haukubadilika: aliyekutana na vyote viwili alikuwa mbele ya aliyekutana na kimoja. Nchini Kongo chanjo ya COVID-19 ilianza kutolewa Aprili 2021, na nakumbuka jinsi hoja ya "mimi nilishapona" ilivyotumiwa na wahudumu wengi kuikataa. Kwa kweli hao ndio ambao dozi moja ingewafaa kuliko wengine.

Nimechelewesha Ebola kwa makusudi, maana hapo mambo yanageuka, na ni ugonjwa ambao sisi wa Kivu hatuujui kwa kusimuliwa.

Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulidumu kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287, na kati ya waliougua 171 walikuwa wahudumu wa afya. Agosti 2019 ulifika hata kwetu Kivu Kusini, katika eneo la Mwenga. Katika vituo vya matibabu vya kule kaskazini, waliopona walipewa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifanya: kuwabeba na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Hapo kanuni ya "ulishagonjwaka, ingia tu" ilitumika rasmi, kwa mpango, na iliokoa watoto.

Ilikuwa na msingi. Kinga ya aliyepona Ebola inaweza kudumu miaka mingi, na ushahidi wake mzuri unatoka Kongo hii hii. Mtu mmoja aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa 1995 alitoa damu miaka 11 baadaye, na ndani yake zikakutwa seli ambazo bado zilijua kutengeneza kingamwili dhidi ya Ebola. Kutoka kwake ikatengenezwa dawa iitwayo mAb114. Katika jaribio lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, dawa hiyo ilikuwa moja ya mbili zilizopunguza vifo kuliko nyingine, na matokeo yakatangazwa Agosti 2019. Kumbukumbu ya mwili wa mtu mmoja wa Kikwit ikawa tiba ya watu wa Beni na Butembo, huko Kivu Kaskazini.

Kisha kikatokea kisa ambacho kila muuguzi anapaswa kukijua. Kijana dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa amechanjwa, aliugua Ebola katikati ya 2019, akatibiwa kwa mAb114, akapona, akarudi nyumbani. Baada ya miezi sita hivi aliugua tena na kufa. Kutoka kwake mnyororo wa maambukizi ulifikia watu 91. Watafiti waliposoma vinasaba vya kirusi, walikuta ni kile kile cha mara ya kwanza, kimebadilika kidogo mno, kiasi kwamba hakiwezi kuwa kimetoka kwa mgonjwa mwingine. Hakuambukizwa upya. Kirusi hakikuwa kimeondoka.

Kurudi kwa ugonjwa na kuambukizwa upya ni mambo mawili tofauti, na kinga ya asili haijibu yote mawili kwa namna moja. Kirusi cha Ebola kinaweza kujificha katika sehemu za mwili ambako askari wa kinga hawaingii kwa urahisi: ndani ya jicho, kwenye ubongo, kwenye korodani. Pauline Cafferkey, muuguzi wa Uskoti aliyeambukizwa akihudumia wagonjwa Sierra Leone, alipona na kuruhusiwa mwanzoni mwa 2015, kisha Oktoba mwaka huo akarudishwa hospitali, kirusi kikiwa kwenye maji ya ubongo wake. Mlipuko wa Guinea wa 2021 ulifuatiliwa kwa vinasaba hadi kwenye kirusi kilichobaki ndani ya mtu tangu janga la 2014 hadi 2016. Kwa yule kijana wa pikipiki kuna la ziada la kufikiria. Kingamwili alizopewa kwa dripu zilimsaidia kuvuka siku za hatari, lakini kingamwili za dripu huisha baada ya miezi, na hazimwachii mtu kumbukumbu. Mwili wake mwenyewe ulijifunza kiasi gani wakati dawa ilikuwa ikimfanyia kazi? Swali hilo linamhusu kila aliyetibiwa kwa dawa za aina hiyo.

Tena kinga ya Ebola ina mpaka. Aliyepona kirusi cha aina ya Zaire, kilicholeta janga la Kivu Kaskazini, hawezi kutegemea kwamba atalindwa na kirusi cha Bundibugyo, ambacho kiliwahi kulipuka Isiro, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 2012. Mgonjwa anapoletwa akitoka damu, hakuna anayejua aina gani hadi maabara iseme.

Mpox nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyo mlangoni petu: aina mpya iliyoitingisha dunia 2024 ilianzia kuonekana Kamituga, hapa Kivu Kusini, kwenye migodi ya dhahabu, mwishoni mwa 2023. Hapa kinga inaweza hata kuazimwa kutoka ugonjwa mwingine. Wazee wetu wenye kovu la chanjo ya ndui begani wanalindwa kwa kiasi, kwa sababu virusi hivyo ni ndugu; uchunguzi wa miaka ya 1980 nchini mwetu ulionyesha ulinzi wa asilimia 85 hivi. Chanjo hiyo iliachwa karibu na 1980, na sehemu kubwa ya wauguzi wetu wamezaliwa baada ya hapo. Aliyepona mpox kwa kawaida hupata kinga nzuri, lakini maambukizi ya mara ya pili yamethibitishwa, mengi yakiwa mepesi. Mepesi kwake yeye. Kipele kimoja kwenye kidole cha muuguzi kinatosha kumfikia mtoto mchanga.

Sasa turudi kwenye glavu. Tazama muuguzi anapotoka katika chumba cha kutengea wagonjwa. Anashika glavu ya kushoto kwa nje, karibu na kifundo, anaivuta ikijigeuza ndani nje na kuikunja ndani ya kiganja cha kulia. Kisha anapitisha kidole kilicho wazi chini ya ukingo wa glavu ya pili, akiwa makini asiguse nje yake. Anasogea kwenye ndoo ya maji ya klorini ya asilimia 0.05. Hizi ni sekunde ambazo wahudumu wengi huchafuka, wakiwa wamechoka na akili imeshatoka nje. Na nimeona kwamba anayejiamini kuwa na kinga ndiye anayeharakisha hapo. Anavuta zote mbili kwa mkupuo, anajifuta jasho kwa mkono wa koti, anaingia kwa mgonjwa anayefuata. Hata kama kinga yake dhidi ya kirusi kimoja ni kamili, glavu haikuvaliwa kwa ajili ya kirusi kimoja. Mgonjwa wa mpox anaweza kuwa pia na homa ya ini aina B au virusi vya UKIMWI, na aliyelala kando yake anaweza kuwa na kipindupindu ambacho hakijatambuliwa.

Kwa hiyo, muuguzi mkuu anayepanga zamu afanyeje? Namshauri asiitupe kanuni ya zamani, bali aitumie mahali pake. Akiwa na wahudumu wawili na mgonjwa mmoja wa korona, amtangulize aliyechanjwa na kuugua karibuni, si mjamzito wala mwenye kisukari. Aandike katika daftari tarehe ya ugonjwa, namna ulivyothibitishwa, na tarehe ya chanjo, maana "nilishaugua" isiyo na tarehe haina thamani ya kupangia kazi. Mtu akipata homa au kikohozi asirudishwe wodini kwa hoja kwamba hawezi kuwa nayo mara mbili, apimwe. Ikiwa kipimo cha PCR kitatoka chanya wiki chache tu baada ya ugonjwa wa kwanza, akumbuke kwamba mabaki ya kirusi kilichokufa yanaweza kuonekana kwa muda mrefu, na amwachie daktari atofautishe kabla hajamwita mtu mwenye maambukizi mapya. Glavu zikiwa haba, zigawiwe kulingana na kazi ya kila mmoja, wala historia ya ugonjwa isiwe kigezo: anayechoma sindano na anayezalisha hupata kwanza, awe aliwahi kuugua au la.

Daftari hilo likae kwenye kabati ya muuguzi mkuu, lisibandikwe ukutani. Mhudumu aliyepona Ebola ana miadi yake na daktari wa ufuatiliaji, ya kuangaliwa macho, na kwa mwanaume ya kupimwa shahawa hadi matokeo yatoke safi mara mbili. Asiulizwe mbele ya wenzake kama amekwenda. Apewe tu ruhusa siku hiyo, na zamu yake ishikwe na mwingine.